Namba Niliyosahau Kuitoa

Dada yangu mpenzi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima wewe na watoto, na kwamba mgongo umeacha kukusumbua. Mimi mwili haujambo. Moyo ndio hauna raha. Simu nimeshindwa kupiga, sauti ingenisaliti, ndiyo maana nimempa dereva wetu akuletee hii jioni.

Shemeji tunaonana kila asubuhi getini, kabla hajashuka kwenye pampu za maji ya kupoza, chini ya mashine. Bado ananiita Bi Moshi, ati wenzangu wanashika spana, mimi nashika hewa. Hajakosea sana. Kazi yangu ni kukadiria kwa kompyuta jinsi plazma, ile gesi yenye joto kupita jua, itakavyokwenda ndani ya mashine huku sumaku zikiizuia isiguse ukuta.

Mwezi uliopita nilimwonyesha mkuu wetu hesabu zangu. Plazma ilikuwa imetulia kama maji mtungini. Akasema hajapata kuona mchoro mzuri vile, akaamua Alhamisi ya wiki hii mashine iwashwe kwa nguvu zote. Wenzangu wakanipigia makofi, nami nikavimba kichwa.

Dada, utulivu ule niliutia mimi. Programu ilikuwa inakatika njiani kila mara, nikaongeza namba ya kuifanya plazma iwe nzito, iende polepole, ili hesabu zifike mwisho. Sote hufanya hivyo tukijaribu, kisha tunaitoa. Mimi nilisahau. Jumatatu nikaigundua, nikaitoa, nikarudia hesabu. Safari hii, kwenye kompyuta, plazma ilipiga ukuta kabla sekunde haijaisha, palepale mabomba ya shemeji yanapopita; yakipasuka, mvuke utawaunguza walio chini. Nimerudia mara sita. Leo Jumatano, na sijamwambia mtu. Naogopa kufukuzwa, naogopa kuchekwa, na zaidi ya yote naiogopa kesho.

Nilianza kuandika ili nikuombe umzuie shemeji nyumbani, hata kwa kumsingizia ugonjwa. Nimefika hapa nikaona aibu: kule chini wapo watu tisa, na kila mmoja ana anayemsubiri.

Mlango wa mkuu uko hatua kumi kutoka mezani pangu. Nakwenda kugonga. Lakini siku tatu hizi nimejiambia hivyohivyo nikabaki kitini, kwa hiyo usinisubiri mimi. Mpe shemeji barua hii aisome, kisha awasomee wenzake, na jina langu asilifiche.

Wasalimie watoto, waambie mama yao mdogo anawapenda.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba