Kikohozi cha Mama

Matrah, Maskati
Jumanne, 14 Januari 2025

Kwa Dada yangu Balqis,

Asalaam aleikum. Natumai wewe, shemeji na watoto hapo Unguja mko wazima. Sisi huku miili ni mizima, alhamdulillahi. Utulivu tu ndio sina.

Uliniuliza utayajuaje mafuta mazuri ya zeituni. Usitazame rangi, wala usinunue chupa zilizopangwa dirishani juani, maana mwanga na joto huyaharibu. Uliza yalikamuliwa lini. Yakiwa mapya hunukia majani mabichi, ulimini yana uchungu, na yakishuka hukereketa koo hadi ukohoe. Yakinuka nta au karanga za zamani, yaache.

Unajua kikohozi hicho ndicho kinachouza duka letu. Mie huonja tone kwanza, kisha Mama, na wateja humsubiri yeye. Nasr mwenye mkahawa mtaa wa Ruwi humtania kwamba Mama Balqis akikohoa mara moja, yeye Nasr hununua dumu; akikohoa mara mbili, yeye huogopa kufilisika. Mama humwambia anyamaze, asije akamkoholea mara ya tatu.

Wiki iliyopita ulifika mzigo mpya. Mama aliharakisha kuonja nami nimempa mgongo, natafuta kisu cha maboksi. Nikamsikia akikohoa vizuri, akasema haya hayana maneno. Nilipoyaonja baadaye, yalinuka nta tupu na kooni hayakugusa. Nikadhani ni mimi mgonjwa. Nikamwita jirani yetu Jaifar; akatema mlangoni, akaniuliza kama nataka kumuua. Tangu hapo sikai kitako. Nafungua dumu, nanusa, nafunga, natoka, narudi kunusa tena.

Jana nikamuuliza Mama. Kwanza aliudhika, akasema nimeanza kumwona kikongwe. Kisha akakaa kitini, akaniambia tangu ile homa ya mwaka juzi hasikii harufu wala ladha ya kitu chochote. Nikamuuliza, sasa misimu yote hii alikuwa akijuaje? Akasema alikuwa akinitazama uso. Nikikunja uso kwa kukereketwa, naye hukohoa. Siku ile aliuona mgongo wangu tu, akabahatisha.

Aliniomba nisikwambie, kwa kuogopa utamfungisha duka umchukue kwako akae bure. Nakwambia kwa sababu limenishinda kulibeba peke yangu. Tafadhali usimchukue.

Nasr anakuja kesho. Nimemwambia Mama kwamba mzigo huu unarudi ulikotoka, na kuanzia kesho nitakuwa naonja mie mbele ya wateja, nao wataambiwa kwa nini. Wanaotaka kwenda kwingine waende. Ameniuliza tu kama nimekula.

Ukipiga simu, zungumza naye habari za watoto kwanza, mengine ayaanze mwenyewe. Wabusu wanao, na shemeji mpe salamu zangu nyingi.

Mdogo wako akupendaye,
Muatasim