Mfumbati wa Sita kwa Mbili

Malindi,
Jumapili.

Baba mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo nyingine mfikishie mama. Natumai barua hii itawakuta salama huko Ganze, na kwamba nyonga ya mama imepoa tangu kitanda chenu kiache kuinama upande. Sisi hatujambo. Mbeyu anawasalimu, ila mgongo unamsumbua kidogo.

Ujumbe wako nimeupata. Umesema mfumbati nilioutuma kwa ubavu mmoja wa kitanda umeingia kwenye matendegu bila kugongwa, umewaonyesha majirani wote, na sasa nikutafutie wa upande wa pili, maana mbao nzuri zipo, ni sisi vijana tusiojua kununua. Baba, maneno hayo yamenichosha.

Kabla ya kuutuma huo wa kwanza, nilizunguka mji huu wiki tatu na kile kijiti chako cha kipimo. Kila duka naomba ubao wa sita kwa mbili, napewa, nikiupima haufiki inchi sita, na unene ndio aibu kabisa. Gerishom, muuza mbao karibu na soko, aliniambia kwamba siku hizi sita kwa mbili ni jina tu, la ubao kabla haujakauka na kupigwa randa. Nikamuuliza mbona basi asiuite kwa kipimo chake, akasema akiuita tano na nusu hatapata mnunuzi. Halafu akakitazama kijiti chako, akauliza ni fundi gani aliyekikata vibaya. Nusura tugombane.

Niliununua hivyo hivyo, kwa kumhurumia mama. Nikaona niujaribu kwanza kwenye kitanda chetu, kile ulichotuchongea wakati wa harusi kwa kipimo kimoja na chenu. Nikachomoa mfumbati wetu, nikauingiza ule mpya, ukacheza ndani ya tundu kama jino bovu. Nilikasirika nikautupa uani.

Mbeyu akautazama ule wa zamani pale sakafuni. Akasema mama hawezi kuinuka kutoka chini, sisi bado tunaweza.

Kwa hiyo, Baba, ubao unaowaonyesha majirani ni wa kitanda chetu. Uliuchonga kwa mikono yako mwenyewe, ndiyo maana haukuhitaji nyundo. Nisamehe kwa kukuficha.

Wa pili nao upo, umeegemea ukuta. Alhamisi nitaupakia kwenye gari la Ganze, kwani kitanda cha mfumbati mmoja hakilaliki. Ila ukikufikia, nakuomba usimwambie tena mtu kwamba mbao hizo bado zinauzwa.

Msalimie dada Sidi na wanawe. Mama alale vizuri.

Mwanao,
Ngumbao