Jinsi Mwili Unavyofundishwa Kuwajua Watu Wake

Castle Vale, Birmingham, Jumapili. Mvua nyembamba tangu asubuhi, ile isiyomlowesha mtu wala kumwacha akauke. Moyo umetulia kuliko nilivyotarajia.

Baada ya kanisa tulipika chapati, kama marehemu mke wangu, Mama Neema, alivyotuzoesha. Binti yetu, Neema, alianza kukanda unga, kisha akasukuma bakuli upande wangu.

"Dad, leo kanda wewe."

Nilikanda huku nikimwona akikunja na kunyoosha vidole chini ya meza, akidhani sioni.

Mama yake alianza hivyo hivyo. Kikombe cha chai alikishika kwa viganja viwili, na glavu alivaa mpaka Mei. Tukalaumu baridi ya Birmingham. Kumbe ilikuwa lupus, ugonjwa wa kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe, na mwishowe ikafika kwenye figo.

Tangu Pasaka namwomba Neema akapimwe damu. Hataki. Anasoma baolojia chuo kikuu, anajua anachokikimbia kuliko mimi, lakini nikitaja kliniki tu anaziba masikio kwa muziki.

Naogopa. Naandika hapa kwa sababu neno hilo nimeshindwa kulitamka ndani ya nyumba.

Leo sikutaja kliniki. Nilimwomba anieleze ni nini hasa kilichompata mama yake. Daktari alitueleza wakati ule, ila mimi nilikuwa nasikia sauti tu.

Neema akajipangusa unga, akaanza polepole, kwa Kiswahili chake cha kuokotezaokoteza. Kwamba seli za kinga huzaliwa ndani ya mifupa, halafu baadhi yake huenda kufunzwa kwenye tezi ndogo iliyo nyuma ya mfupa wa kifua. Kazi ya seli hizo baadaye itakuwa kupambana na vijidudu. Lakini kabla ya kuachiliwa, huonyeshwa vipande vya protini za mwili wenyewe: za kongosho, za ngozi, hata za macho. Seli ikikamata kipande hicho kwa nguvu, kama mtu aliyemshika mwizi, haitoki. Nyingi za namna hiyo hufia humo humo. Nyingine hubadilishiwa kazi, zikawa za kutuliza zile zingine.

"Yaani zinaonyeshwa picha," nikasema. "Kama wewe."

"Picha gani?"

Hakumbuki. Alikuwa na miaka minne tulipompeleka Kakamega mara ya kwanza. Watoto wanaozaliwa huku wakifika nyumbani huwakimbia ndugu zao, na ndugu huumia. Mama Neema akaapa kwamba wake hatamkimbia mtu. Kila jioni, mtoto akishaoga, alimkalisha kitandani na rundo la picha. Huyu nani? Uncle Wafula. Na huyu? Shangazi Nekesa.

Tulipofika aliwataja wote, mmoja mmoja, watu wakapiga makofi. Kisha nyanya yake, mama mzazi wa Mama Neema, akatoka jikoni mikono wazi. Neema akapiga yowe, akamuuma kidole.

Picha ya nyanya hatukuwa tumempa. Nani angefikiri kwamba nyanya anahitaji kutambulishwa?

Mama mkwe akasimama pale akipuliza kidole. "Mmeniletea mjukuu au mbwa wa mzungu?"

Shangazi Nekesa ndiye aliyemshika mtoto mkono, akampeleka kwa nyanya na kumrudisha, akampeleka tena, bila haraka. Jioni mtoto alilala mapajani mwa yule yule aliyemuuma.

Neema alicheka mpaka akajishika ubavu. "Nilimuuma Nyanya? Na bado ananitumia njugu!"

Kisha akavuta kiti karibu na jiko.

Akasema lupus ni kama hivyo. Kila mtu ana seli chache zilizopita bila kuonyeshwa kila kitu, na kwa wengi wetu zile za kutuliza huzishika mkono. Kwa mama yake hazikutosha. Kwa nini? Anasema hata wataalamu wanajua sehemu tu.

"Hazikumchukia Mum," akasema. "Hazikumjua tu."

Hazikumjua.

Kuna akina mama wa maombi waliomwambia Mama Neema, kwa nia njema, atafute ni nani ambaye hajamsamehe, ili apone. Alitafuta, maskini, akiwa amelala kitandani. Mwisho akampata mwenye nyumba wetu wa zamani kule Lozells, aliyekataa kututengenezea hita. Akampigia simu kumsamehe. Mtu mwenyewe hata hakumkumbuka. Tulicheka siku ile, lakini najua aliendelea kutafuta. Natamani angesikia alichosema binti yake leo mbele ya kikaango.

Niligeuza chapati. Neema alikuwa anatazama vidole vyake, safari hii juu ya meza.

"Dad, kliniki piga simu wewe. Nikipiga mimi nitakata."

"Nitapiga."

"Na utaingia na mimi ndani?"

"Nitaingia."

"Lakini usianze kumhadithia daktari maisha yako."

"Sitamhadithia."

Ameniambia watoto wengi wa akina mama wenye lupus hawaupati ugonjwa huo kamwe. Nimelishika hilo, ila silikazi sana. Vyovyote itakavyokuwa, safari hii hatutalaumu baridi.

Kabla ya kupanda ngazi aliinua picha ya mama yake kutoka kwenye rafu, akanielekezea usoni kama mwalimu.

"Huyu nani?"

Nikamjibu.

Simu za kliniki hufunguliwa saa mbili asubuhi, na kila mtu wa mtaa huu hupiga dakika hiyo hiyo. Kesho mimi nitakuwa wa kwanza kwenye foleni.