Gari la Harusi za Uvira

Dzaleka, Jumapili jioni. Baridi, upepo wa vumbi, na moyo umekaa kama nsima iliyolala, huo ugali wa huku.

Natangaza rasmi, kwa heshima zote, kwa wakazi wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, kwa makanisa yenye vipaza sauti na yale yanayoazima, na kwa vijana wote wa baiskeli za kabaza: kuku jike mwekundu aliyeondoka kambini juzi asubuhi kwenda Lilongwe kwa shughuli za kifamilia amerudi salama. Afya yake ni njema. Safari ilimchosha kidogo. Hatazungumza na waandishi wa habari.

Hiyo ndiyo habari niliyowapa majirani. Nimeongezea kwamba tulipokewa vizuri, tukanywa soda, tukapigwa picha. Watu wamefurahi. Mke wangu, Mama Sifa, ananiangalia tu nikisema hayo, kisha anaendelea kuchambua maharagwe.

Humu daftarini sina wa kumdanganya. Nianze mwanzo.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona mapazia ya makanisa, sare za kwaya, na viti vya kabaza, yaani ile mito midogo ya nyuma ya baiskeli ambayo abiria hukalia na kulalamika. Kiti kimoja cha namna hiyo kilifika Lilongwe chini ya makalio ya mtu, na mtu mwingine akakiona na kuuliza kimeshonwa na nani. Muulizaji alikuwa Bwana Mbewe, mnunuzi mstaafu wa tumbaku, ambaye ana ghala Kanengo, kule kule Lilongwe, na, ndani ya ghala hilo, gari.

Niseme gari lenyewe. La Kijerumani, la zamani, la mbio, milango miwili, rangi ya maziwa yaliyochemshwa, taa za mbele kama macho ya mtu aliyeshtuka. Halina paa la bati. Lina paa la turubai linalokunjwa nyuma, na sisi tulikotoka gari la hivyo tunaliita dekapotabo. Bwana Mbewe alilikuta Kigoma, ndani ya banda, limegeuzwa kiota cha kuku. Amelifufua kwa miaka: injini, bodi, nikeli, kila kitu. Kilichobaki ni viti na paa. Njo hapo nikaitwa.

Kazi ilikuwa tamu, sitasema uongo. Bwana Mbewe ni mcheshi, anajua Kiswahili cha Tunduma alikokuwa akifuata vipuri, na mchana alikuwa akinitumia chipsi na soda kama mtu na mgeni wake. Alinitania kwamba nashona polepole kama ninayechora. Nilimtania kwamba anaosha gari hilo kuliko anavyojiosha mwenyewe.

Siku niliyovua paa la zamani, utani uliisha upande wangu.

Turubai la juu lilikuwa limeoza. Lakini chini yake, kwenye kona ya nyuma inayokaa upande wa dereva, palikuwa na kiraka. Kitambaa cha godoro, mistari ya buluu. Kimeshonwa kwa uzi wa nyavu za ndagala, hao dagaa wa kwetu, mshono wa kurudi nyuma mara mbili, umelalia kushoto.

Baba yangu alishona kwa mkono wa kushoto. Uzi wa dukani alikuwa akiuita uzi wa kufungia zawadi. Na godoro lile nalijua, kwa sababu mimi na ndugu zangu tulilalia tundu lake miaka mingi. Mama alipoliona siku ya kwanza alipiga yowe lililotoa majirani nje, na baba akajibu kwa utulivu kabisa: "Batoto banalala popote. Motokari haiwezi kunyeshewa."

Huyo ndiye Papa Zakaria, fundi wa Uvira, kwetu Kongo. Gari alilipata kwa Mgiriki mmoja mfanyabiashara aliyekuwa anaondoka nchini kwa haraka. Gari lilikuwa bovu, Mgiriki alitaka kuondoka, baba alitoa cherehani yake nzuri na kiwanja cha kando ya ziwa. Mama hakumsemesha hadi gari lilipowaka, na lilipowaka hakumsemesha kwa sababu ya moshi.

Lakini kwa miaka ile yote, Uvira nzima, ukitaka kuolewa ukaonekana, ulipanda gari la Papa Zakaria. Bibi harusi alikaa juu ya mgongo wa kiti cha nyuma, paa limekunjwa, shela hewani, watoto wanakimbia nyuma. Baba alivaa tai, akaendesha kama amebeba mayai. Watu walisahau jina lake. Alikuwa Papa Dekapotabo.

Kisha vita vikafika. Wenye bunduki walichukua gari, na baba akatembea. Alitembea hadi akafika huku, na huku ndiko alikozikwa, kwenye makaburi ya hapa kambini, chini ya msalaba wa mbao ambao mchwa wanaupenda kuliko sisi.

Nilikaa na kiraka kile mkononi siku kadhaa. Mwishowe nikamwambia Bwana Mbewe kwamba gari lake liliwahi kuwa la baba yangu.

Bwana Mbewe alicheka, si kwa ubaya. "Achimwene, ndugu yangu, kila Mkongomani anayekuja hapa baba yake alikuwa na kitu. Mmoja alikuwa na ghorofa. Mwingine alikuwa kanali. Wewe ndiyo umechagua gari langu?"

Nami nikacheka. Ndivyo nilivyo, nikikanyagwa natabasamu kwanza, maumivu baadaye.

Ila pale ghalani palikuwa na ubao. Bwana Mbewe aliuandaa usimame kando ya gari, historia ya wamiliki wake kwa herufi za dhahabu: mtaalamu wa kilimo Mjerumani aliyelileta kwa meli, Mgiriki wa Bujumbura na Uvira, halafu maneno haya, "miaka iliyopotea Kongo", halafu banda la Kigoma, halafu yeye mwenyewe.

Iliyopotea.

Nani aliipoteza? Sisi tulikuwamo. Tulikuwa tunaolewa.

Nikamwomba aandike jina la baba mahali pale. Jina tu. Alikuwa ameinama kwenye injini, akasema bila kugeuka: "Kama una shahidi, mlete."

Mtu mwingine angejua hapo ameambiwa aache. Mimi nilisikia mwaliko.

Kwetu, ukiambiwa ulete shahidi kwa jambo la marehemu, huendi peke yako mikono mitupu kama mdai. Unaenda na watu wazima, mmevaa kitambaa kimoja, na mmebeba kuku wa heshima, ili mwenye nyumba ajue mmekuja kwa amani na jambo ni zito. Nikamwendea Mama Furaha, jirani yetu, mjane, mtu wa Uvira. Yeye ni bibi harusi wa gari lile. Sikumaliza hata kueleza.

"Mi nilisimama mule ndani," akasema. "Shela yangu ikaruka ikafunika papa yako macho. Akaendesha kipofu mpaka karibu na daraja la Mulongwe! Bwana yangu akalia pale pale, na ndoa haijafika hata nyumbani. Njo nitashindwa kusema?"

Nikashona. Kitenge cha kijani, nguo za Mama Furaha na mke wangu, na shati langu. Mama Sifa alinifunga tai kwa nguvu ya mtu anayefunga mbuzi. Mkimbizi hatoki kambini bila ruhusa: Mama Furaha alikuwa na karatasi ya kwenda hospitali Lilongwe kwa ajili ya macho, mimi nikaandikwa msindikizaji wake. Mama Sifa hakuwa na karatasi. Alikuwa na kuku.

Sasa niandike kilichotokea kweli, maana cha soda nilikitunga mimi.

Tulipofika ghalani, Bwana Mbewe alitoka nje ya geti na kulifunga nyuma yake. Alituangalia, kitenge cha kijani, tai, kuku, na uso wake ukabadilika. Alichokiona yeye ni ukoo umekuja kuchukua mali yake.

"Nimekuita wewe na sindano," akasema, "umeniletea kijiji."

"Bwana, ulisema shahidi."

"Shahidi wa nini? Gari hii ina karatasi. Mnunuzi anatoka Afrika Kusini wiki hii."

"Hatutaki gari. Ni jina la mzee tu, pale kwenye ubao."

"Leo jina, kesho mwanasheria."

Mama Furaha akasogea na kuku, akapiga goti kidogo kama inavyotakiwa. "Papa, pokea. Mi niliolewa—" Akamkata. Hakumtukana, aliongea na mimi tu kana kwamba pale alipopiga goti hapakuwa na mtu. Akaomba kuona ruhusa zetu. Akasoma ya hospitali, akasoma yangu, akamnyooshea Mama Sifa mkono, na Mama Sifa hakuwa na cha kumpa. Akasema polisi wako karibu, na kwamba yeye hapendi kuwasumbua watu wazima.

Kisha akatoa simu, akainyanyua mbele ya uso wangu. Alitaka kitu cha kumwonyesha mnunuzi kama maneno yakizuka. Niseme kwamba gari halikuwa letu, basi, niende zangu.

Nikasema.

Nilisema: "Baba yangu alikuwa fundi wa kushona. Gari hili halikuwa lake. Nyumbani kwetu hatujawahi kuwa na gari."

Akaniomba nirudie, upepo ulikuwa umeingia kwenye sauti. Nikarudia, safari hii vizuri zaidi, nikitazama simu. Nadhani hata nilitabasamu.

Akanirudishia mfuko wangu wa sindano kupitia geti. Paa litamaliziwa na mtu wa mtaa wa Area 47. Kiraka cha godoro kilikuwa mezani kwake na sikuthubutu kukiulizia.

Sijuti kwamba niliwarudisha wanawake wale nyumbani. Ningefanya hivyo tena. Lakini nilitoka hapa nimevaa tai kwenda kumwingiza baba kwenye historia ya gari lake, na mtu aliyemtoa ni mimi, kwa mdomo wangu, mara mbili, na imerekodiwa.

Tulitembea kando ya ukuta wa maghala. Mama Sifa alinishika kiwiko. Mama Furaha, ambaye macho yake hayaoni mbali, alitembea nyuma kidogo, amenyanyua kitenge kisiguse vumbi. Karibu na barabara kubwa akasimama. Hakuwa na hasira. Aliuliza kama mtu aliyepotezewa kitu na anataka kusaidiwa kukitafuta.

"Papa Sifa. Sasa mi niliolewaka mu motokari ya nani?"

Nikamshika mkono, tukavuka barabara. Leo kanisani alikaa benchi la mbali. Kesho atapita hapa kuchukua sketi niliyomshonea, na nitalazimika kumtazama. Nitamwambia nini?