Mistari kwenye Shavu la Papa Kambale

Jumatatu, tarehe 3
Foto nane leo. Siku zote ni hivyo hapa biro yetu ya kuhakiki habari, mtaa wa Himbi: watu wanatuma foto za vita, mimi nacheki kama zimechezewa, jibu linarudi kwa WhatsApp. Ya nane: waasi watano na bunduki, mumoja amezungushiwa duara jekundu. Chini wameandika: Kambale, fundi wa kuchomelea milango, mtaa wa Ndosho. Nikaipitisha kwa programu ya kutafuta sehemu iliyobandikwa. Haikuonyesha kitu. Nikaandika "Ni ya kweli." Nikaenda kula sombe.

Jumanne, tarehe 4
Wamevunja atelie ya Papa Kambale, pale anapochomelea, kwa mawe. Yeye na bibi yake wa ndoa wamejificha kwa ndugu, mtaa wa Murara. Wanaotaka kumuchoma wanatembeza jibu langu. Langu mimi. Shefu wangu wa biro anasema nitulie. Atulie yeye.

Nimeona kosa, na ni la aibu. Foto ilipita vikundi vingi mbele ya kunifikia. Kila ikitumwa, WhatsApp inaibana, inaipunguza uzito, mpaka sehemu iliyobandikwa, kama ipo, inafanana na zingine. Programu haikuwa na cha kuona. Nilikuwa najua. Ninafundisha wengine jambo hilo hilo. Mujinga mimi.

Jumatano, tarehe 5
Natafuta foto ya kwanza, mbele haijabanwa. Rezo ya simu mbaya. Kila mutu ana ileile iliyochoka. Eti leo vijana wamepita nyumba kwa nyumba Murara, wanamuulizia.

Saa kumi, mama mumoja muuza vitenge ameniandikia: yeye aliipata siku ile ya kwanza kabisa. Nikamuelekeza namna ya kuituma bila kubanwa. Mara tatu. Imefika. Nzito. Asante Mungu.

Alhamisi, tarehe 6
Nimekuza uso mpaka ukajaa ekrani. Shingo ina jasho, vumbi, rangi zaidi ya moja. Uso una rangi moja tu, ya kupaka. Na shavuni mistari myembamba, inakatika kidevuni. Mutu gani ana mistari shavuni?

Nikatoa karte yangu ya uchaguzi, ndiyo kitambulisho chetu hapa, nikaangalia foto yangu. Mistari ileile, wanaichapa juu ya uso ili karte isiigwe. Walikata uso wake kwenye karte. Foto ya hiyo karte lazima aliwaachia watu wa listi ya misaada, muuza namba za simu, yeyote aliyeomba, kama sisi wote. Nani alifanya hivi, sijui.

Nimeandika: "Foto ni ya uongo. Nilikosea." Nimetuma kila kikundi. Mumoja kajibu eti nimenunuliwa. Lakini shefu wa avenue yake, kiongozi wa mtaa, ameisoma mbele ya watu waliokuwa wanamutafuta, wametawanyika. Nimelia chooni.

Jumamosi, tarehe 8
Papa Kambale alikuja biro. Mufupi kuliko nilivyofikiri. Amefungua tena atelie. Bibi yake amekataa kurudi Ndosho.

Nikamupa chai, nikaomba musamaha. Hakukasirika. Akauliza tu:

"Madame, ile siku ya kwanza, uliuliza nani kama ni mimi?"

Nikamuambia, programu.

"Na yenyewe ilisema nini?"

Nikamujibu: haikusema kitu, Papa.

Alimaliza chai yake, akaenda.