Nilimwambia Karani Una Ng'ombe

Kimamba, Jumapili

Mdogo wangu Petro,

Shikamoo yako imefika, nami nimeitikia marahaba hapa peke yangu. Hamjambo huko Itetemia? Kikohozi chako kimepungua? Mimi mzima, ila huu mkono wa kushoto uliokatwa na mashine ya katani huwasha mvua ikikaribia.

Petro, kazi imeniishia. Meneja amewastaafisha wazee wote wa kiwandani. Mzee Ramadhani, ambaye mashine ileile ilimla vidole, kapewa kiinua mgongo na posho ya kila mwezi mpaka afe. Ana watoto wa kiume watano, na hakuna aliyemuuliza kama watamlisha. Nami nikaingia ofisini nikitegemea kama yake. Karani akaniambia, "Mama, nyinyi wanawake ni vibarua tu, pensheni hamna. Ipo posho kidogo ya kilema asiye na mtu. Una mtu kwenu?"

Nyuma yangu walikuwa Wanyamwezi wenzetu, wamepanga foleni. Ningesemaje mbele yao kwamba binti wa mpagazi, aliyekuwa akirudi kutoka pwani na majora ya nguo, hana kwao? Nikajibu, "Ninaye mdogo wangu Tabora. Ana ng'ombe wengi." Karani akasema nina bahati, akaita mwingine.

Najua huna hata mbuzi. Kesho yake nilirudi kusema kweli, naye akaniuliza, "Jana ng'ombe wengi, leo wamekufa wote?" Watu wakacheka. Nimeona aibu, Petro, hata kisimani nachelewa makusudi nisikutane na mtu.

Chumba cha kampuni natakiwa nikiache. Nauli ninayo, nitakuja kwa treni mwisho wa mwezi. Tafadhali usiwaite akina mama waje stesheni na vigelegele, maana sina hata kanga ya kumgawia mtu. Njoo peke yako.

Nisalimie shangazi Milka wa Sikonge, na wanao wote. Wifi yangu mwambie mapema, mkiwa mmekaa vizuri: kutwanga siwezi tena, na kupepeta ni taabu. Lakini kuni nabeba, mtoto nambeba, na ndege wa mtamani nitawafukuza kutwa. Asiponitaka, niandikie kabla sijapanda treni.

Dada yako,
Tabitha