Mkanda wa Mkungu

Alhamisi, baada ya kazi

Kengele ile bado inanilia masikioni, na gari nimelizima kitambo.

Bosi alisema basi jipya litanipunguzia maumivu ya kichwa. Kumbe lina mdomo. Mlango usipofungwa vizuri, linalia. Aliyekaa mbele asipofunga mkanda, linalia zaidi.

Leo mama mmoja alipandia Daraja Mbili na mkungu wa ndizi. Konda wangu, Mogaka, akauweka kwenye kiti cha mbele kando yangu, mama akakaa nyuma yake. Tangu hapo ni ti-ti-ti, ti-ti-ti. Gari lilidhani ndizi ni mtu!

Nikafoka, "Mogaka, toa huo mkungu!"

"Niuweke wapi? Nyuma kumejaa."

Yule mama akanyoosha mkono, akazifunga ndizi zake mkanda kama mtoto wa nasari. Kimya. Basi zima likacheka, hata mimi.

Kisha akanichungulia begani. "Na wako, baba, mbona haulii?"

Nikamwambia wangu uko sawa. Uko sawa kweli. Niliuchomeka siku ya kwanza nilipopewa gari, ukapita nyuma ya mgongo wangu, nikauegemea, ili usinipigie kelele.

Tulipofika kituo cha Kiogoro alizifungua polepole zisichubuke, akashuka nazo.

Nimerudi mjini gari likiwa kimya kabisa, na kimya chenyewe sikukipenda. Breki zikikataa siku moja kwenye ule mteremko wa kurudi mjini, zitakazopona ni ndizi.